Mfuko wa Rungu

Mama yangu ana mkono wa kushoto usionyooka vizuri. Ukimkuta kwenye cherehani hutagundua, kwa sababu kazi ya mkono huo ni kusindikiza kitambaa mbele ya sindano, na kwa kazi hiyo kiwiko hukunjwa tu. Utagundua akitaka kushusha kitu juu ya kabati. Mwaka juzi, Jumamosi asubuhi, kijana aliyepakiwa nyuma ya pikipiki alimkwapua mkoba alipokuwa akiingia mjini. Mama alikuwa ameuviringisha mkanda wa mkoba kwenye kifundo cha mkono ili usimponyoke. Haukumponyoka. Aliburutwa nao mpaka mkanda ulipokatika wenyewe.

Mimi nilikuwa nyumbani kwetu Ipuli, nafumua pindo la sketi ya shule. Pindo hilo halikuwa na kosa ambalo mteja angeliona. Mama alikuwa ameniomba niende naye, nami nikamjibu, "Nimalizie hili kwanza, mama." Akasubiri kidogo mlangoni, akaenda.

Tangu siku hiyo hakwenda tena mjini peke yake. Mama ni fundi wa sare za shule na za kwaya, na kitambaa hanunui bila kukishika. Anakikunja, anakivuta, anakinusa. Kwa hiyo kila Jumamosi ilibidi mtu amsindikize, na niliamua kwamba mtu huyo ni mimi. Si kwamba alinichagua. Nilijichagua mwenyewe, nikaapa kwamba safari hii sitaacha hata uzi mmoja ukining'inia.

Nilijifunza peke yangu, kama nilivyojifunza kukata kola na kutia zipu: kwa kutazama na kurudia. Simu yangu ina kioo kilichopasuka, na ndani ya nyufa hizo wanaume wenye miwani myeusi walinionyesha namna ya kuchomoa bastola. Sikuwa na bastola na sitakuwa nayo. Nilichukua yale yanayoweza kuvuka maji na kufika Tabora. Mtu mwenye kisu akiwa umbali wa hatua saba anaweza kukufikia kabla hujamaliza kushika silaha yako. Tazama mikono kwanza, uso baadaye, maana uso haumchomi mtu. Usisimame mahali penye njia moja tu ya kutokea. Mkoba uwe upande wa ukuta, usiwe upande wa barabara, na mkanda usiviringishwe popote. Anayekuuliza saa au njia, mjibu huku unarudi nyuma. Na lile nililolichukia, nililoliruka kila lilipotokea: ukidaiwa mkoba, utoe. Silaha ni kwa ajili ya mwili wako, si kwa ajili ya mkoba.

Haya yote niliyaandika kwenye daftari. Nikikosea neno nilichana ukurasa. Ukurasa wa kwanza niliuandika mara sita.

Silaha ilikuwapo. Babu mzaa mama aliishi kijiji cha upande wa Sikonge, na enzi zake alikuwa sungusungu, mmoja wa wale wanaume waliolinda kijiji kwa zamu, kwa pinde na marungu. Rungu lake ni la mpingo, jeusi, na kichwa chake ni kama ngumi ya mtoto. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wetu na hakuna aliyelitaka. Tatizo lilikuwa mahali pa kulibeba. Ukitembea nalo mkononi mjini watu watakupisha njia. Ukilitia kwenye begi, kulitoa ni sekunde nne. Nilipima kwa simu. Basi nikalishonea mfuko ndani ya koti langu la jinzi, ubavuni, chini ya kwapa la kushoto. Mfuko wa kwanza ulikuwa mpana, rungu likacheza. Wa pili uliacha kichwa kikitokeza. Nilishona na kufumua mara kumi, na wa kumi na moja ukalibana kama soksi mpya inavyobana mguu. Nikitembea halikutikisika, nikigeuka halikuonekana. Mbele ya kioo cha kabati niliweza kulichomoa kwa sekunde moja na nusu, nimesimama wima, chumba kizima kimya. Mshono wa mwisho niliupitisha mara mbili kwa uzi wa kushonea viatu. Nilijivunia mshono ule kuliko kazi yoyote niliyowahi kumshonea mteja.

Kwa karibu mwaka mzima nilitembea na mama, hatua mbili nyuma yake. Babu alipokuwa hai alitusimulia kwamba baba yake alikuwa mpagazi, na kwamba kila msafara uliopita hapa ulikuwa na mtu wa mwisho, ambaye kazi yake ni kutazama migongo ya wenzake na mizigo yao. Nilijiona ndiye huyo. Pikipiki ikiunguruma nilikuwa wa kwanza kugeuka. "Mama, sogea ukutani." "Mama, usisimame hapo." "Mama, yule anautazama mkoba." Mama alitii. Lakini kila Jumamosi niliona mabega yake yakipanda karibu na masikio, na tukifika dukani alikuwa amechoka kama aliyebeba gunia. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani ni hatari ndiyo iliyomchosha.

Kisha kaka yangu akaoa.

Kaka ni dereva wa lori, na siku anazokuwa njiani ni nyingi kuliko anazolala nyumbani. Mke alimtoa kijiji kimoja cha Ulyankulu, kwa watu wa mahindi na tumbaku. Akamleta, akakaa naye wiki tatu, akapanda lori lake, akatuachia wifi.

Wifi ni mdogo kwangu kwa mwaka mmoja. Ni mrefu, anatembea polepole kama mwenye ndoo kichwani hata akiwa mikono mitupu, na anacheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha, hivyo unajikuta unacheka kicheko chake, si hilo jambo. Nilimchukia kwa mambo madogo, kwa kuwa makubwa hakuwa nayo. Nilimchukia kwa kumwita mama yangu "mama" siku ya kwanza, bila kusita. Nilimchukia kwa kusugua sufuria mpaka nyuma. Mama alimfundisha kutia vifungo, na kifungo cha kwanza kilipokaa upande, mama alicheka akasema, "Kitakaa tu, mkwe wangu." Nilikuwa naipiga pasi blauzi ya kwaya, nikaiacha pasi mpaka nikasikia harufu. Mimi sikuwahi kuambiwa kitakaa tu. Labda ni kwa sababu sikuwahi kumwonyesha mama kifungo kilichokaa upande.

Jumamosi moja nilishikwa na malaria, na wifi akamsindikiza mama. Nililala nikisikiliza lango. Walipochelewa saa nzima niliamka na homa yangu, nikavaa koti la rungu, nikasimama barazani nikitetemeka. Wakatokea wanacheka. Wifi alikuwa na jora la kitambaa kichwani. Mama alikuwa na mkoba begani, upande wa barabara, unaning'inia hovyo. Mabega yake yalikuwa chini kabisa, mahali mabega yanapotakiwa kuwa.

"Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunasalimia watu, wifi," akasema. "Kumbe mama anajuana na mji mzima."

"Mimi?" mama akasema. "Si wewe uliyemwuliza fundi baiskeli mpaka habari za mbuzi wake?"

"Mbuzi si anaumwa, mama? Ningempitaje?"

"Mkoba ulikuwa upande gani?" nikauliza. "Mlipita njia ipi?"

Wakatazamana. Ulikuwa mtazamo mdogo tu, wa watu wawili waliomzungumzia wa tatu njiani. Mengi ya homa ile nimeyasahau. Huo sijausahau.

Baada ya hapo mama alianza kuniambia, "Wewe pumzika leo, nitaenda na mkwe wangu." Sikukubali. Tukawa tunakwenda watatu, wao wawili mbele bega kwa bega, mimi nyuma na koti langu. Siku moja nilihesabu. Kutoka nyumbani mpaka dukani mama alimgeukia wifi mara thelathini na mbili. Mimi alinigeukia mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa nimemwita.

Mwenye duka la vitambaa ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Tabora, kabla hata mama hajazaliwa, na mdomo wake hauna likizo.

"Karibu, mama. Naona leo umekuja na jeshi. Huyu wa nyuma anautazama mlango wangu kama anataka kuung'oa."

"Huyo ndiye askari wetu, mzee," wifi akasema. "Ukitupimia pungufu, utapambana naye."

"Basi leo naongeza nusu mita kwa woga. Na wewe je, una cheo gani?"

"Mimi mkwe. Kazi yangu kula."

Duka zima likacheka. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa ambacho hajakinunua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mgongo kwenye nguzo, jasho likinitiririka chini ya jinzi, nikitazama mikono ya wapita njia. Mikono ya watu wanaokwenda sokoni. Mikono yenye vitunguu.

Tulipokuwa tunarudi, mama alipotangulia kidogo, wifi alipunguza mwendo akawa sambamba nami.

"Kwa nini huvui hilo koti? Jua lote hili."

"Nina baridi."

"Una rungu," akasema kwa sauti ya chini. "Nilipokukumbatia siku kaka yako anaondoka lilinigonga. Usijali, sijamwambia mama."

Nilikasirika kama mtu aliyevuliwa nguo. "Wewe hujui lolote kuhusu njia hizi," nikamwambia. "Unatazama nyuso. Nyuso hazimchomi mtu. Unatakiwa utazame mikono."

Akafikiri. "Sasa nikitazama mikono tu, nitajuaje ni mikono ya nani?"

Aliuliza kwa kutaka kujua kabisa, bila kejeli. Nyumbani nilifungua daftari nitafute jibu, na halikuwamo.

Kuna uchochoro tunaopita kufupisha njia. Upande mmoja ni ukuta wa nyuma wa maghala ya zamani, upande mwingine ni nyumba za watu. Fundi baiskeli anakaa mwanzoni, katikati yuko mama anayekaanga maandazi, na mbele kidogo bibi anayesuka mikeka mlangoni kwake, na jirani yake, baba mwenye redio. Kwenye daftari langu uchochoro huo niliuwekea alama ya hatari, mistari miwili chini yake, kwa kuwa una njia mbili tu za kutokea. Wifi aliupenda. Alikuwa anatumia robo saa kuuvuka.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi, jua la kutosha, fundi baiskeli ameingia ndani kutafuta kiraka, mama wa maandazi yuko uani anaosha karai, na mlango wa bibi wa mikeka umefungwa. Tulikuwa tumefika katikati niliposikia pikipiki nyuma yetu, inakuja taratibu. Nikageuka. Kijana, kofia imeshushwa usoni, kitu kikubwa kimefungwa nyuma. Nikaingiza mkono ndani ya koti nikalishika rungu shingoni. Hatua thelathini. Ishirini na tano. Niliogopa, lakini sitaficha, nilikuwa na furaha pia. Mama alikuwa mbele yangu, wifi ubavuni mwake hajui kitu, na hatimaye jambo lilikuwa linakuja ambalo mimi tu nilikuwa nimelijua.

"Habari zenu, wanangu."

Sauti ilitoka mbele. Niligeuka upesi, na hapo alikuwa amesimama mtu mzima, karibu mzee, shati limepigwa pasi, bakora mkono mmoja, bahasha ya kaki ya hospitali mkono wa pili. Alikuwa ndani ya hatua tatu.

Kwetu Unyamwezini mtoto wa kike akimsalimia mkubwa hupiga goti, au angalau hukunja magoti na kuinama, mikono pamoja mbele, macho chini. Sikumbuki nilifundishwa lini. Mwaka mzima nilikuwa nimeuzoesha mwili wangu kurudi nyuma, kutazama mikono, kuchomoa. Lakini kabla ya mwaka huo kulikuwa na miaka ishirini na mitatu ya kuinama. Magoti yakakunjika. Mkono ukatoka ndani ya koti wenyewe, ukakutana na mwenzake mbele ya tumbo, na macho yangu yakashuka kwenye viatu vyake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu, na kwa utulivu ule ule akauingiza mpini wa bakora uliopinda kwenye mkanda wa mkoba wa mama. Bahasha ikaanguka. Chini yake kulikuwa na kisu kifupi, kama cha kumenyea viazi. "Mama, usipige kelele. Achia."

Mama hakuachia. Nadhani hakuweza. Ule mkono mbovu ulikuwa umejifunga kwenye mkanda kama siku ile ya pikipiki, na uso wake ulikuwa haupo, umekwenda mahali pengine.

Wifi hakuwa ameinama. Baadaye alinieleza kwamba alimtazama usoni akaona si mtu wa uchochoro huo, na kwamba mtu mwenye bahasha ya hospitali, mwenye mgonjwa, angetafuta wa kumpa pole. Huyu alisalimia kama anayefunga mlango. Kwa hiyo wakati mimi natazama viatu, yeye alikuwa tayari amejipenyeza kati ya mama na kisu. Akaanza kumfungua mama vidole, kimoja kimoja, huku akisema, "Achia, mama. Achia, mama yangu, ni mkoba tu." Kidole cha mwisho kilipoachia, akauchomoa mkoba kwenye bakora, akautupa mbali, nyuma ya yule mtu, ili akiutaka ageuke.

"Ule pale, baba. Chukua."

Akageuka. Na wifi akainua mkono juu akaanza kuita. Hakuita mwizi. Aliita watu. "Fundi baiskeli! Mama wa maandazi! Bibi wa mikeka! Baba mwenye redio! Tokeni, ni sisi!"

Mimi muda huo nilikuwa napambana na koti langu. Nilikuwa bado nimeinama nusu, jinzi imejikunja ubavuni, na ule mfuko wa kumi na moja, ule nilioujaribu nikiwa nimesimama wima mbele ya kioo, ulikuwa umeling'ata rungu hautaki kuliachia. Nilivuta kwa mikono miwili. Mshono wa uzi wa viatu haukutoka. Kilichochanika ni koti lenyewe, kuanzia kwapani hadi chini, na rungu likaja na kipande cha bitana.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika bila kufumua.

Rungu lilipotoka, yule mtu alikuwa ametugeuzia mgongo, anauendea mkoba. Kwa kila nilichojifunza, jambo lilikuwa limekwisha. Mbele yangu alikuwa wifi, mkono umeinuliwa, anaita. Nyuma yake, kidogo ubavuni mwangu, alikuwa mama, amelishika gauni la wifi kwa mikono yote miwili na kuuficha uso katikati ya mabega ya mkwe wake, kama mtoto. Niliiona mikono ile. Niliitazama kama nilivyojifunza kutazama mikono. Kisha nikapiga.

Nilimlenga mwizi. Ndivyo ninavyosema nikiwa nimesimama na mtu ananisikiliza. Rungu liliukuta mkono wa wifi chini ya kiwiko, na ulitoa mlio wa bua kavu la mtama.

Sauti yake ikapanda mpaka ikawa kitu kingine, na milango ikafunguka yote. Yule mtu aliacha mkoba, akaacha na bakora, akakimbia. Kijana wa pikipiki akasimama anashangaa. Mzigo wake ulikuwa kreti la mikate. Wanaume wawili waliomwona mwizi akikimbia wakainama kuokota mawe, na mmoja akaanza kulitamka lile neno ambalo likishazunguka mtaa haliachi mtu mzima. Wifi, mkono wake unaning'inia, akawawahi.

"Mwacheni! Mkoba tunao. Mwacheni aende!"

Fundi baiskeli alikuwa amefika, kiraka bado mkononi. "Nani kakupiga, mwanangu?"

Rungu lilikuwa mkononi mwangu, kichwa chini. Wifi akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama usoni, kama anavyomtazama kila mtu.

"Yule," akasema. "Kwa bakora yake."

Bakora ilikuwa pale chini, kila mtu akaiona.

"Na huyu dada na rungu lake!" mama wa maandazi akasema, amejishika kiuno. "Ungemwahi kidogo tu, ungempasua kama papai. Jamani, huyu mnamwona kimya hivi!"

Wakanipa hongera. Nikazipokea.

Wifi alifungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, kutoka kiganja mpaka juu ya kiwiko. Majirani walikuja na sukari na soda, wakakaa naye ukumbini, na kila aliyekuja alisimuliwa upya jinsi alivyomfungua mama vidole. Mama alimlisha ugali kwa mkono wake. Mimi nilipika, nikafua, nikachota maji, na nilikuwa naona aibu, lakini aibu haikuufukuza wivu, vilikaa pamoja. Niliuonea wivu hata ule mkono uliovunjika, kwa jinsi mama alivyokuwa akiuwekea mto.

Siku ya nne tulibaki wawili uani. Nilikuwa namsuka nywele, kwa kuwa hakuweza kujifunga hata kilemba.

"Kwa nini ulisema ni yeye?"

"Ulitaka niseme nini mbele ya watu wenye mawe?"

"Ahsante, wifi."

"Usinishukuru. Sikukuficha wewe. Mama ndiye niliyemficha. Akijua, atatembea na nani?" Akageuza shingo nimalize mstari mmoja wa nywele. "Ulikusudia?"

"Nilimlenga yeye."

"Sijakuuliza ulimlenga nani."

Nilishika kitana nikaendelea kugawa nywele. Nilifumua mstari niliokuwa nimeumaliza nikausuka upya, na ninajua ulimuuma wifi.

Jumamosi ya pili mama alivaa viatu vyake vya mjini, akasimama mlangoni, akasema, "Utanisindikiza wewe." Ni maneno niliyoyasubiri tangu kaka aoe. Rungu nilikuwa nimelirudisha nyuma ya mlango, na koti sikuwa nalo tena. Tukaenda.

Tulipoufikia uchochoro, mama alinipa mkono. Alinipa ule mbovu. Kiganja kilikuwa na jasho, na vidole vilinibana mpaka vikaniuma, nami nikaona dunia yote imekaa sawa. Bibi wa mikeka akauliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Kutoka dirisha moja mtu akasema, "Mpeni pole sana." Wote walimwulizia yeye. Hakuna aliyeniuliza habari zangu, na mimi sikumjua hata mmoja wao vya kutosha kumwuliza zake.

Mama akanisogelea. "Unajua," akasema kwa sauti ya siri, "wifi yako ana maneno mazuri, Mungu amlinde. Lakini siku ile wewe ndiye uliyetoa rungu. Mimi niliuficha uso, sikuona kitu, ila wote wamesema. Nikiwa na wewe sasa siogopi."

Ningeweza kwenda na maneno hayo mpaka dukani. Ningeweza kurudi nayo nyumbani, nikakaa nayo miaka. Yalikuwa kazi nzuri, imepigwa pasi, na kosa lilikuwa ndani, upande ambao mteja haoni. Nami maisha yangu yote sijaweza kuliacha kosa la namna hiyo.

"Mama, yule mtu hakumpiga wifi. Nilimpiga mimi."

Akasimama. "Ulimkosa yule ukampata yeye."

"Sijui, mama. Niliona ulivyomshika."

Hakupiga kelele. Alinitazama kwa muda mrefu, uso wangu wote, na nadhani aliyaona mengine bila mimi kuyataja, mpaka ile Jumamosi ya pindo la sketi. Nyuma yetu fundi baiskeli alikuwa anajaza tairi upepo, pampu inahema. Kisha mama akaufungua mkono wake kutoka kwenye wangu. Safari hii hakuna aliyemsaidia vidole. Akauhamishia mkoba bega la upande wa ukuta, mkanda haukuviringishwa popote.

"Kaa hapo," akasema.

Akaanza kutembea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi kumwona akitembea bila mtu ubavuni. Alikwenda polepole. Alipofika pale bahasha ilipoanguka aligusa ukuta kwa kiganja, akapumua, akaendelea.

"Mama wa sare!" mama wa maandazi akamwita kutoka kwenye karai lake. "Mkweo leo umemwacha?"

"Atakuja," mama akajibu bila kusimama. "Akifunguliwa mkono tu, Jumamosi hizi zote ni zake."

Nilisikia vizuri. Na hata pale, nimesimama peke yangu katikati ya uchochoro, nikijua nilichokifanya, maneno hayo yalinichoma kama sindano inayoingia chini ya ukucha.

Mwisho wa uchochoro, barabara inapoanza na pikipiki zinapita, mama alisimama. Aligeuka akanisubiri. Nilipomfikia hakunipa mkono.

"Kaka yako anarudi Jumanne," akasema. "Utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na mke wake akiwa amekaa hapo."

"Ndiyo, mama."

Akashika njia ya dukani, akatangulia. Nikamfuata hatua mbili nyuma, mikono mitupu.